Kasuku ana uvimbe wa mafuta kidarini: kisu, chakula au mazoezi?

Mwana Shangani, Mtwara
Wakuu, habari za jioni. Kasuku wetu wa kijivu tumeachiwa na marehemu babu. Msimu huu wa korosho ameota uvimbe laini kidarini, mkubwa kama punje ya korosho. Ukimpuliza manyoya yanafunguka, unaona unjano chini ya ngozi. Chakula chake ni alizeti na karanga, na kila mgeni humpa korosho ya kukaanga. Daktari wa mifugo alivuta kidogo kwa sindano, akapima, akasema ni mafuta. Mama anataka akatwe yaishe. Nyie mngefanyaje?

Binti Lindi
Pole kaka. Mwambie mama asiharakie kisu. Ndege wa gramu 450 hana damu nyingi, akivuja kidogo tu anaweza kuwa hatarini, na nusukaputi nayo ina hatari yake. Halafu ukikata bila kubadilisha chakula, uvimbe unaweza kurudi. Mimi kisu ningekiweka kwa uvimbe uliopasuka, anaoudonoa, au unaomzuia kuruka.
Alizeti, karanga na korosho karibu nusu yake ni mafuta. Polepole weka boga la kuchemsha, karoti, mchicha, mtama. Parachichi usithubutu, ni sumu kwao. Na korosho mbichi yenye ganda isimkaribie, mafuta ya ganda yanaunguza.

Mfugaji Masasi
Hilo neno "polepole" lishike. Wangu nilimnyima alizeti siku moja. Kesho yake nikamkuta chini ya tundu, kajikunyata, manyoya kayatutumua, boga la jana halijaguswa. Kasuku hatambui kitu kigeni kuwa ni chakula, anaweza kufa njaa sahani imejaa. Nilirudisha alizeti usiku uleule, nikaanza upya: kijiko kimoja kikipungua, boga linaongezeka. Ilichukua miezi miwili.
Nunua mizani ya dijitali ya wapika keki, umpime kila asubuhi kabla hajala. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito kwa siku chache, rudisha chakula cha zamani na umpeleke kwa daktari.

Wa Mikindani
Naona mazoezi mmeyasahau. Tundu la babu nadhani ni lile dogo la kuning'iniza? Humo hata mbawa hafungui. Mtoe sebuleni, funga madirisha, zima feni, aruke kutoka mkono hadi mkono. Chakula kifunge kwenye maganda ya mahindi akitafute. Ila ndege mnene aliyekaa miaka tunduni usimkimbize, akihema mdomo wazi mpumzishe. Mazoezi peke yake, huku wageni wanaendelea na korosho, hayatasaidia.

Mwana Shangani, Mtwara
Asanteni sana. Mama nimemsomea yote, amekubali tusubiri kisu. Leo asubuhi kasoma gramu 478. Boga amelitupa chini mara tatu, mara ya nne akalilamba.

Binti Lindi
Akilamba ameanza. Kesho kula wewe mbele yake, kisha umpe kipande kutoka mkononi.