Amu ya mbele imeoza kwa chumvi ya Japani, nichomelee au ninunue nyingine?

MwanaKizota: Habari za jioni wakuu. Nina gari dogo la mtumba, aina sitaji maana mtaanza ligi. Kabla ya kuja huku lilikuwa Hokkaido. Jana fundi kalipandisha jeki, akachoma bisibisi kwenye kontroli amu ya mbele kushoto, ile inayoshika tairi kwa chini. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Kutu ikammwagikia kwenye boksi alilolalia, magamba mekundu kama maganda ya karanga. Jamaa yangu aliyeko Japani kaingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya kampuni, kumbe gari liliitwa lirudi kubadilishiwa amu hizo bure, mwenye nalo hakwenda. Je, nikichomelea inatosha? Jumamosi linatakiwa.

Bishoo wa Area D: Ngoja wajuzi waje. Mimi nimekaa na karanga zangu.

Mama Zabibu: Chumvi tena? Sisi Nkuhungu tunaoshea magari maji ya kisima, likikauka mlango unabaki mweupe kama umepakwa unga. Marehemu mume wangu alikuwa na pikapu, bati la chini likatoboka, tukaenda Kongwa naona lami inapita chini ya miguu yangu. Tulifika. Mungu mwema.

Fundi Nyundo: Mama, bati likitoboka unaona lami. Amu ikikatika huoni kitu, tairi linalala na usukani unageuka pambo. Kule wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Amu nyingi ni mabati mawili yaliyoungwa, katikati tupu. Maji ya chumvi yakiingia humo, inaoza kwa ndani huku nje inapendeza. Kuchomelea hapo ni kutia kiraka kwenye nguo iliyooza. Mwaka 2010 Ford waliziita zirudi gari zao za Windstar za 1998 hadi 2003 kwenye majimbo ya chumvi huko Marekani, ekseli za nyuma zilikuwa zinapasuka kwa kutu. Mleta mada, Jumamosi linatakiwa na nani?

MwanaKizota: Mtu tu wa nyumbani.

Fundi Nyundo: Nani?

MwanaKizota: Baba mkwe mtarajiwa, yuko Mvumi. Mahari ilikuwa ng'ombe 12. Mzee akasema hana wa kumchungia, bora gari la kumpeleka kliniki. Msinihukumu. Mzee mwenyewe hakimbizi, mwisho wake 40.

Binti Chamwino: Yaani unamtolea mwenzio mahari ya jeneza lenye taa? Na huyo binti anajua?

Bishoo wa Area D: Ng'ombe akioza mguu anachechemea, mkwe anaona. Rudi kwenye ng'ombe.

Mchunguzi: Chai hii, tena haina sukari. Dodoma mvua zenyewe za kuhesabu, chuma kinaozaje? Halafu mwezi wa pili huyuhuyu alileta uzi wa pikipiki ya shemeji. Nayo ilikuwa inatakiwa Jumamosi!

Bishoo wa Area D: Hahaha, nimeukumbuka. Shemeji wa breki.

MwanaKizota: Ya pikipiki ilikuwa kweli na hii ni kweli. Picha hiyo hapo, nimepiga sasa hivi na tochi.

Fundi Nyundo: Mchunguzi, kutu ilipanda meli pamoja na gari, haikungoja mvua za huku. Ila wewe MwanaKizota, mbona amu yako nyeusi inang'aa? Na pembeni mwa bushi naona mshono wa kuchomelea, bado mbichi.

MwanaKizota: Tulichomelea jana hiyohiyo. Rangi nimepiga mwenyewe usiku, ya kopo. Nilitaka tu mtu aniambie inatosha.

Fundi Nyundo: Haitoshi. Agiza amu mbili, kushoto na kulia, Ilala wanazo, zikipanda basi la usiku asubuhi unazo. Mwambie anayekununulia azigonge kwa nyundo kabla hajalipa. Nzima inalia, iliyooza inanyamaza. Ukishafunga, peleka likapimwe kama matairi yamenyooka.

MwanaKizota: Hela iliyobaki ni ya vitenge vya mama mkwe. Nikienda mikono mitupu nitaongea nini?

Mama Zabibu: Mwanangu, nina duka hapa Majengo. Vitenge nitakukopesha, utalipa ukivuna. Njoo kesho saa nne. Ila njoo na bodaboda.