Ukishalipwa fidia, bati na tofali ni za nani?

Mwana_Uyole: Wakuu habari za jioni. Nyumba ya mama mkubwa iko kandokando ya barabara kuu, imepigwa X ya kijani, maana yake ni ya kulipwa. Anataka kung'oa bati, kenchi, milango ya mninga na tofali za kuchoma akajengee Mbalizi. Jirani kamwambia ukishapokea fidia nyumba si yako tena, ukigusa bati umeiba. Mimi nasema huo ni uonevu. Tofali zile zilikula kuni zetu, leo zikafukiwe kama kifusi? Na anayejua kukadiria, anisaidie: vyumba vitatu na sebule vinatoa tofali ngapi?

Mlima_Loleza: Mthamini alishapiga gharama ya kujenga upya, akatoa uchakavu, akafika kwenye hela. Ukichukua hela na bati umelipwa mara mbili. Halafu nani leo anajenga kwa mitumba? Mama apokee hela yake anunue vitu vipya, asijaze uwanja takataka.

Binti_Kihesa: Takataka? Mimi nimekulia Kihesa chini ya bati ambalo baba alilinunua kwenye nyumba iliyovunjwa. Alipanda mwenyewe na kopo la lami, akaziba tundu moja moja, mama ameshika ngazi. Masika yote yale hatujawahi kutega beseni ndani. Kaka, ungemwambia baba yangu takataka mbele yake?

Mlima_Loleza: Dada, sijamgusa mzee wako. Nimesema vipya ni bora, basi.

Kipanga_Mafinga: Vipya vipi? Geji 30 mnayonunua ni nyembamba kuliko 28 iliyoko kwenye nyumba nyingi za zamani. Na mbao mpya mnakuja kuzibeba huku kwetu zikiwa zinatoa maji, mnapiga kenchi wiki hiyo hiyo, miezi mitatu paa limepinda mnaanza kuwatukana watu wa Mafinga.

Mlima_Loleza: Tunawatukana kwa sababu mnavuna miti michanga! Nyumba yangu mwenyewe imepinda, nimebadilisha papi, zile mbao za kupigilia bati, kumi na moja. Nani alinirudishia hela?

Kipanga_Mafinga: Ulikaa nazo kivulini siku ngapi kabla ya kupiga msumari? Jibu hilo kwanza.

Mlima_Loleza: Nimelipa mbao, sijalipa kazi ya kukausha.

Binti_Kihesa: Kwa hiyo vipya vimepinda. Asante.

Mwana_Uyole: Jamani, mama mkubwa.

Fundi_Nzovwe: Mwana Uyole, nimevunja nyumba nyingi, nikueleze. Kwanza angalia kilichoshikisha tofali. Tofali lililojengwa kwa tope linatoka zima, unaligonga kwa mgongo wa panga, tope linadondoka. Lililoshikwa na saruji kali linavunjika lenyewe kabla ya saruji, hapo usijidanganye. Kukadiria: pima urefu wa kuta zote, zidisha kwa kimo, toa milango na madirisha. Kisha bandua plasta mita moja kwa mita moja, hesabu tofali zilizomo. Usichukue namba ya kitabuni, matanuru yetu hayatumii kibao kimoja cha kufyatulia, tofali hazilingani. Tuseme kuta mita 60, kimo mita 2.5, ni mita za mraba 150. Toa 20 za milango na madirisha, zinabaki 130. Ukihesabu 45 kwa kila mita, ni 5,850. Toa robo ya zitakazovunjika, umebaki na kama 4,400. Gonganisha mbili: likilia kama kengele limeiva. Likitoa sauti ya ubao, liloweke usiku kucha. Ambalo halikuiva utalikuta tope kwenye ndoo. Bati hesabu moja moja, na ukipiga tena, msumari upite mgongoni, siyo bondeni. Ila kama paa ni asbestosi, usiiguse wala usiivunje. Vumbi lake linaharibu mapafu.

Mlima_Loleza: Fundi, maelezo mazuri, lakini hujajibu ni za nani.

Fundi_Nzovwe: Mimi ni fundi, siyo wakili. Aende ofisi ya mtaa akaombe waandike kwamba ataondoa mabaki mwenyewe kabla ya tarehe ya kubomoa. Karatasi mkononi.

Kyela_Juu: Tofautisheni pia. Sheria ya Barabara ya 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Aliye ndani ya ile ya zamani ana X nyekundu, halipwi kitu. Huyo naye tumwambie bati si lake? Kijiko, ile mashine ya kubomolea, kinakuja asubuhi, kufika saa nne nyumba ni kifusi. Hapo hakuna anayelipwa mara mbili.

Mlima_Loleza: Wa X nyekundu sawa, ang'oe. Sikuwa nawasema hao.

Binti_Kihesa: Na neno takataka?

Mlima_Loleza: Neno nimelifuta, dada. Nisamehe.

Mwana_Uyole: Nimeongea na mama. Kesho asubuhi tunakwenda kwa mtendaji, tukipata karatasi tunaanza na bati. Fundi, ukipata nafasi njoo na mtaimbo, gari la kubebea, kirikuu, nimeshaongea nalo.

Kipanga_Mafinga: Kenchi zitoeni msumari kwa msumari, msizipige kwa nyundo kutokea chini, mtazipasua. Za zamani zile zimekauka vizuri. Loleza, hujajibu ni siku ngapi.