Les Noces ya Stravinsky au Appalachian Spring ya Copland: ipi inafaa kwa korali na wachezaji wa Lubumbashi?

Sauti_Kamalondo

Jambo wandugu. Kundi la dansa na korali ya parokia wanatafuta baleti moja ya karne ya 20 yenye mizizi katika nyimbo za kijijini, waionyeshe hapa Lubumbashi mwakani. Zimebaki mbili: Les Noces na Appalachian Spring. Zote mbili ni za ndoa, na hakuna inayodai okestra kubwa. Waimbaji ni 40, karibu wote wanasoma solfa. Wachezaji ni 14. Wapiga fidla ni wa kuhesabu. Wenye ujuzi, nisaidieni: muziki wa watu umeingiaje katika kila moja, na watu wetu watakwama wapi?

Maestro_Kampemba

Ndugu, ndoa isikudanganye. Ni kazi mbili zilizo mbali sana.

Copland alichukua wimbo mzima, Simple Gifts, akauacha utambulike. Stravinsky alichukua maneno na namna ya kuimba, kisha melodi akazitunga mwenyewe. Maneno ya Les Noces yanatoka katika mkusanyo wa nyimbo za harusi za Urusi uliofanywa na Kireevsky, mkusanyaji wa nyimbo za watu, lakini melodi ya kweli ya watu, kwa kauli ya mtunzi, ni moja tu, nayo ni ya wafanyakazi wa kiwanda. Zilizobaki zimejengwa kwa vipande vidogo. Sikiliza mwanzo: mi, re, si, basi, na ile mi inaguswa kwa juu na fa-diezi fupi mno. Hiyo ndiyo kwikwi ya bibi harusi anayesukwa nywele. Soprano akiifanya pambo la kupendeza, ameua kilio. Mwambie asikilize Kyrie ya Missa Luba, misa ya Kikongo ya Kamina (1958), iliyofuata mtindo wa kasala, uimbaji wa jadi wa Waluba, ndipo aelewe sauti ya maombolezo inavyobebwa bila kulainishwa.

Mtakwama kwenye mapigo. Mwanzoni kroshi (noti ya nusu pigo) ni 80 kwa dakika. Rafiki za bibi harusi wanapoingia inakuwa 160, mara mbili kamili. Kroshi haibadiliki ndani ya sehemu, ila makundi yake yanabadilika: mbili, tatu, tano. Korali zetu zimelelewa na 6/8, kwa hiyo wakikutana na 5/8 wataongeza kroshi ya sita bila kujua, hasa mwisho wa mstari wanapovuta pumzi. Dawa:

1. Wiki za kwanza msiimbe. Semeni maneno tu, metronomu ikipiga kroshi 100, halafu 130, mwisho 160.
2. Piga kofi kwenye kroshi ya kwanza ya kila kundi peke yake.
3. Andika kwenye nota mahali pa kupumua, na pumzi iibiwe kwenye noti iliyotangulia. Isiongezwe.
4. Noti za kuimba zije mwisho.

Jambo moja linalowasaidia wachezaji: mwimbaji si mhusika. Maneno ya bibi harusi yanahama kutoka sauti moja hadi nyingine, ya bwana harusi vilevile. Nijinska, aliyetunga dansa ya kwanza mwaka 1923, alilitumia hilo vizuri: wachezaji walikuwa umati mmoja wa mavazi ya kahawia na nyeupe, na vichwa vya wasichana vilipangwa kama piramidi. Watu 14 ni wachache kwa picha ile, lakini si haba.

Alto_Ruashi

Asante Maestro. Niongeze upande wa Copland, maana naona amepitiwa haraka.

Appalachian Spring ilichezwa mara ya kwanza tarehe 30 Oktoba 1944 huko Washington, katika ukumbi mdogo wa maktaba ya bunge la Marekani, na ndiyo maana vyombo vya asili ni 13 tu: fluti, klarineti, basoni, piano, fidla nne, viola mbili, selo mbili, kontrabasi moja. Ngoma hakuna hata moja. Hesabu nyuzi: ni wapigaji tisa, na kila mmoja anasikika peke yake. Mwanzo ni polepole, akodi za la na mi zikilaliana. Fidla mbili zisipokubaliana hapo, hakuna pa kujificha. Kwa Lubumbashi mimi naona hilo ni gumu kuliko 5/8.

Wachezaji wake ni wanane: bibi harusi, mume, mwanamke mzee wa mahali pale, mhubiri na wafuasi wake wanne. Angalieni pia mnachoagiza. Baleti kamili ni zaidi ya nusu saa. Suti ya 1945, yaani toleo la konseti, imekatwa kama dakika 10, na sehemu iliyoondolewa ni ile yenye hofu na mivutano. Mkijifunza dansa kwa video ya baleti kamili kisha mkaletewa nota za suti, hatua na muziki vitaachana kabla ya marudio ya mwisho ya Simple Gifts.

Na huo wimbo ni wa Shaker, dhehebu la Kikristo la Marekani ambalo watu wake hawaoi wala kuolewa! Umeingia kwenye ndoa ya wakulima wa Pennsylvania kwa sababu tu Copland aliukuta kitabuni na ukamfaa.

Sauti_Kamalondo

Nimewaelewa. Basi Les Noces. Ila inadai piano nne na vyombo vya kugonga: piano tutazitoa wapi? Na korali iimbe Kirusi?

Fundi_Vinanda

Kirusi si lazima. Nota zilichapwa na tafsiri ya Kifaransa ya mwandishi Ramuz pia, na Kifaransa korali yenu inakisoma.

Piano nne za mbao za parokia nne tofauti msijaribu. Ambayo haijaguswa na fundi kwa miaka huwa imeshuka, na kila moja imeshuka kivyake; kuzipandisha zote kwa mara moja kunakata nyuzi. Tafuteni piano za umeme zenye vitufe 88, zote za aina moja ikiwezekana. Weka noti ya la kwenye hezi 440, zima mwangwi, hakikisha hakuna iliyoachwa kwenye transpozi (kitufe cha kuhamisha noti juu au chini). Spika zake ndogo hukwaruza kwenye sauti kubwa, kwa hiyo toeni sauti nje kwa mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) na spika kubwa. Jenereta iwashwe kabla ya onyesho. Ikisubiri umeme ukatike, mtanyamaza katikati, na vipande vyote vinne vinafuatana bila kusimama.

Upande wa kugonga tayarisheni watu sita. Ngoma na matoazi mtapata. Shida ni kengele na krotali (matoazi madogo yenye noti), kwa sababu zina noti zake na ndizo zinazofunga kazi pamoja na piano. Chuma chochote hakitafaa.

Maestro_Kampemba

Kweli kabisa. Kuna rekodi ya Les Noces ya kundi la Pokrovsky la Urusi ambayo vyombo vyote vimepigwa na kompyuta na waimbaji wanatoa sauti kavu za kijijini. Wasikilizeni hao kabla ya rekodi ya kondakta Bernstein na mpiga piano Argerich. Ipo pia ya Stravinsky mwenyewe ya 1959, imeimbwa kwa Kiingereza, na mmoja wa wapiga piano wanne ni Copland.

Haki za jukwaani ombeni mapema. Kibali cha konseti hakiruhusu dansa.