Kompyuta inawaka ila skrini nyeusi tupu

mtu_wa_wete: Salam jamani, kompyuta yangu ya mezani tokea umeme ukatike nkiwasha feni zazunguka taa yawaka lakini skrini nyeusi tiii, hata yale maandishi ya mwanzo hayatoki, nifanyeje?

fundi_mtaani: Yakhe yalia tit tit? Ikilia, aghalabu ni ramu, kile kibao cha kumbukumbu cha ndani. Chomoa umeme, itoe, sugua meno yake taratibu kwa raba ya penseli, irejeshe mpaka ibane. Visiwani huku hewa ya chumvi yala vyuma balaa.

bibie_unguja: Kabla hujafungua angalia waya wa skrini, kama kompyuta ina kadi ya grafiki, ile ya kutolea picha, chomeka kwenye kadi, si kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa ndani.

mtu_wa_wete: Ramu bwana! Imewaka wallahi, ahsanteni. Ila tarehe imerudi nyuma miaka

fundi_mtaani: Betri ya CR2032 hiyo, ile ndogo ya duara kwenye madabodi inayotunza saa, imekwisha, badilisha.