Msimu wa besiboli wa 1968: je, ni urefu wa kilima tu?

Swali

Habari zenu, ndugu zangu. Nimekuwa nikisoma kumbukumbu za ligi kuu ya besiboli ya Marekani, na msimu wa 1968 umenitatiza. Bob Gibson wa St. Louis Cardinals aliumaliza akiwa amefungwa wastani wa alama 1.12 kwa kila awamu tisa, yaani mechi nzima, Denny McLain wa Detroit Tigers akashinda mechi 31, na Carl Yastrzemski wa Boston Red Sox akawa bingwa wa upigaji wa American League kwa wastani wa 0.301 tu (yaani mapigo halali takribani matatu kwa kila majaribio kumi), naye ndiye pekee katika ligi hiyo aliyevuka 0.300. Maelezo mengi ninayokutana nayo yanasema kwamba chanzo ni kilima cha mrushaji (tuta la udongo analosimama juu yake akirusha mpira), ambacho kilikuwa kirefu mno, na kwamba kiliposhushwa mwaka 1969 mambo yalikaa sawa. Je, maelezo hayo yanatosha? Na je, ni haki kuishusha thamani rekodi ya Gibson kwa sababu hiyo?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, kilima kina sehemu yake, lakini ukiangalia miaka yenyewe utaona kwamba hakiwezi kubebeshwa lawama yote. Kimo cha inchi 15, yaani takribani sentimita 38, kiliingia kwenye kanuni mwaka 1950, na kwa zaidi ya miaka kumi wapigaji waliendelea kufunga alama kama kawaida. Kilichobadilika ni eneo la straiki (nafasi ambayo mpira ukipita humo unahesabiwa dhidi ya mpigaji hata asipoupiga), ambalo mwaka 1963 lilitanuliwa, likawa linaanzia juu ya mabega hadi chini ya magoti, ilhali awali lilianzia kwenye makwapa na kuishia juu ya magoti.

Jiweke mahali pa mpigaji. Mrushaji aliyesimama juu anaushusha mpira kwa mteremko mkali hadi magotini, kisha mpira unaofuata anaupitisha kwa kasi karibu na mabega, na mwamuzi anaihesabu yote miwili kuwa straiki. Mpigaji hawezi kuzilinda ncha zote mbili kwa mkao mmoja. Kwa maoni yangu, siri ya msimu ule ni kukutana kwa kilima na eneo hilo pana, wala si kimojawapo peke yake. Ongeza mechi nyingi za usiku na viwanja vipya vilivyowafaa warushaji, hasa Dodger Stadium na Astrodome. Mechi ya nyota wa ligi mbili zinazounda ligi kuu, American League na National League, ilichezwa Astrodome mwaka huohuo, ikaisha 1-0, na hata hiyo alama moja haikuletwa na pigo safi, kwa kuwa Willie Mays alifika besi ya nyumbani wakati walinzi wakiwatoa wapinzani wawili kwa mkupuo.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila naomba kuitetea rekodi ya Gibson kwa nguvu zangu zote. Kila mrushaji wa National League alisimama juu ya kilima cha kimo hichohicho, na wastani wa alama walizofungwa warushaji wa ligi nzima ulikuwa 2.99. Wa Gibson ulikuwa chini ya nusu ya huo, akamaliza mechi 13 bila kufungwa alama hata moja, tano kati ya hizo zikifuatana mwezi Juni. Kilima kiliposhushwa hadi inchi 10 mwaka 1969, alishinda mechi 20 kwa wastani wa 2.18. Huyo si mtu aliyebebwa na udongo.

Isitoshe, mazingira yaleyale yanayodaiwa kumpendelea yalimnyang'anya ushindi, kwani alipoteza mechi tisa. Tarehe 17 Septemba, kule San Francisco, alifungwa alama moja tu, lakini Gaylord Perry hakuwaruhusu Cardinals hata pigo moja halali, na mechi ikaisha 1-0. Kesho yake, katika uwanja huohuo, Ray Washburn wa Cardinals aliwafanyia Giants vivyo hivyo!

Jibu la tatu

Ningependa tusiwasahau makocha, maana uhaba wa alama uliwalazimisha kufanya maamuzi mazito. Ray Oyler, mlinzi wa Tigers wa kati ya besi ya pili na ya tatu, alidaka vizuri sana lakini alipiga kwa wastani wa 0.135. Ilipofika fainali dhidi ya Cardinals, kocha Mayo Smith alimwondoa kwenye kikosi cha kuanzia, akamhamishia hapo Mickey Stanley, ambaye kwa kawaida alilinda katikati ya uwanja wa nyuma, ili apate nafasi ya kumchezesha mpigaji hodari Al Kaline kwenye uwanja wa nyuma. Ulikuwa ujasiri mkubwa, nao ulilipa: Tigers walikuwa nyuma kwa mechi tatu kwa moja, wakashinda zote tatu zilizobaki, na katika ile ya saba Mickey Lolich alimshinda Gibson 4-1 baada ya kupumzika siku mbili tu.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Hata hivyo, kila timu ilifunga wastani wa alama 3.42 kwa mechi mwaka 1968, na mwaka uliofuata 4.07. Je, ongezeko hilo halithibitishi kwamba kilima ndicho kilichokuwa tatizo kuu?

Jibu la kwanza, nyongeza

Lingethibitisha kama kilima kingekuwa badiliko pekee. Mwaka huohuo wa 1969 eneo la straiki lilirudishwa kwenye makwapa na juu ya magoti, na timu nne mpya ziliingia, yaani Kansas City Royals, Seattle Pilots, Montreal Expos na San Diego Padres, hivyo nafasi zikapatikana kwa warushaji wengi ambao mwaka uliotangulia wasingepata kazi katika ngazi hiyo. Mambo hayo matatu yalitokea kwa wakati mmoja, na takwimu za msimu mmoja haziwezi kuyatenganisha. Kinachonishawishi zaidi ni kilichofuata: kufikia mwaka 1972, kilima kikiwa bado inchi 10, alama za American League zilikuwa zimeporomoka tena karibu na kiwango cha 1968, na ndipo mwaka 1973 ligi hiyo ilipoamua kumruhusu mchezaji mwingine apige mahali pa mrushaji, huku National League wakati huo ikiendelea kuwaachia warushaji wake washike gongo wenyewe.