Mnameza deksa mnenepe, halafu mnakuja kuomba dawa ya kuongeza kinga!

Wakuu, inachosha. Kila wiki uzi uleule: "Mafua hayaniishi, naombeni boosta ya kinga." Majibu nayo yaleyale: tangawizi, kitunguu saumu, limau, vitamini C ya miligramu 1000 kutwa mara tatu. Hakuna anayeuliza mwombaji anameza nini na analala saa ngapi.

Tuanze na vidonge vya kunenepa, vile vya kwenye vipakiti vya nailoni visivyo na jina. Mara nyingi humo ndani mna siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa, na deksamethasoni. Deksa ni steroidi. Hospitali humpa mgonjwa ili KUITULIZA kinga pale inapozidi kipimo! Piga hesabu: deksa miligramu 0.75 ni sawa na miligramu 5 za prednisoloni, steroidi nyingine. Kidonge cha 0.5 kutwa mara tatu ni prednisoloni miligramu 10, kila siku, miezi na miezi, bila daktari. Halafu unashangaa fangasi haziponi, majipu yanafuatana, mkanda wa jeshi umekushika. TB iliyokuwa imelala mapafuni nayo hupata upenyo hapohapo.

Na hata huko kunenepa kwenyewe ni kiini macho. Uso unajaa duara, tumbo linatoka, nundu inaota nyuma ya shingo, huku misuli ya mapaja na mikono inakwisha. Ukiona michirizi ya zambarau tumboni, hiyo siyo shepu.

Ila aliyetumia kwa wiki kadhaa ASIKATE GHAFLA. Tezi zilizo juu ya figo huwa zimeacha kutengeneza kortisoli, steroidi ya mwili wenyewe, kwa sababu mwili unaletewa ya dukani. Ukiacha ghafla, unaweza kutapika, presha ikaporomoka, ukazimia, na watu hufa. Nenda hospitali na hicho kipakiti mkononi, wakupunguzie dozi kidogo kidogo.

Wa mkorogo msicheke. Klobetasoli nayo ni steroidi, na krimu yake ya asilimia 0.05 mwisho wake ni wiki mbili mfululizo, na isizidi gramu 50 kwa wiki. Nyie mnapaka mwili mzima mwaka mzima, na inapenya hadi kwenye damu.

Sasa wazee wa bando la usiku. Mwaka 2009 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 153 waliotiwa matone ya virusi vya mafua puani. Waliokuwa wakilala chini ya saa 7 walipata mafua karibu mara tatu ya waliolala saa 8 na zaidi. Wewe unazima simu saa kumi alfajiri, saa kumi na mbili uko kituoni unagombea daladala, kisha unalaumu vumbi.

Pombe kali kila siku na sigara sina haja ya kuzieleza, mnajua wenyewe. Na hiyo vitamini C ya gramu tatu kwa siku, nyingi mnaikojoa. Mwenye bahati mbaya anapata na mawe ya figo.

Tena msinitumie picha PM mkiuliza "hiki kina deksa?" Rangi na umbo havisemi kitu. Kidonge kisicho na jina, namba ya toleo wala tarehe ya kuisha, chukulia kwamba kinayo.