Kazima bendi lakini maiki kaiacha! Huyu bwana wa vibali kanidhalilisha mbele ya shemeji zangu

Mzee wa Kitenge (mleta mada)

Wakuu, nimerudi sasa hivi, viatu bado viko mguuni. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi maana ndani hakukaliki.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule bwana wa vibali, anayezunguka baa kukagua leseni, suruali kaipandisha mpaka kwapani, na lile faili la kaki ambalo halijawahi kufunguliwa mbele ya binadamu. Akiingia baa, dada wa kaunta anaanza kufuta meza ambayo ni safi. Huyo huyo.

Leo Ijumaa. Shemeji zangu wawili wametoka Tanga pamoja na shangazi wa mke wangu, watu wa heshima zao. Nikasema niwapeleke wakaone dansi lenyewe, si haya ya kijana mmoja kuinamia kompyuta. Bendi ya wazee, kiingilio kinywaji chako. Yule mzee wa solo nadhani alikuwepo siku gitaa linavumbuliwa. Ndizi zimekuja, mbuzi kaja, shangazi ana soda yake anatingisha kichwa. Mimi nina bia mbili. Tatu.

Chemko likaanza. Wanaojua dansi wananielewa: solo inalia, tumba inajibu, na mimi niko katikati ya sakafu nimeshuka chini kabisa, mikono hewani, leso mdomoni. Shangazi kapiga kigelegele. Hapo hapo, wakuu, kimya. Wala si TANESCO kukata umeme, taa zinawaka vizuri tu. Ni kimya cha mtu kuchomoa waya. Nimebaki kule chini peke yangu, ukumbi mzima unanitazama, na kiuno kinaendelea kwa sababu kiuno hakina breki.

Hilo ningelimeza. Nikasema ndiyo mambo ya mamlaka, ngoja niinuke taratibu nikakae. Kumbe ampu za magitaa kazima, ya maiki kaiacha. Akaishika! Akasema, na nina uhakika walisikia mpaka kituo cha daladala:

"Wewe mzee wa shati la kitenge, muziki umekwisha. Nenda nyumbani, mama anakusubiri."

Mama gani?! Mama yuko mezani! Mama kakaa pale anakula ndizi na kaka zake! Shemeji mkubwa akaweka chini mfupa, akafuta mikono, akaniuliza kwa ile sauti ya upole ya Tanga inayoua: "Kwani shemeji, mama yupi?"

Halafu ilikuwa saa ngapi? Saa 4:38 usiku! Siku za kazi mwisho saa 5, hata mtoto wa mwenye baa anajua. Niliitazama saa ya ukutani kwa macho yangu. Na baa ina leseni ya vileo, zile za miezi sita sita: ikifika 31 Machi unaomba upya, 30 Septemba unaomba upya. Kibali cha burudani kipo. Hakimiliki za muziki kalipa, zimamoto kalipa. Ule ukuta wa kaunta una vyeti kuliko ofisi ya profesa. Hakusoma hata kimoja, alikwenda moja kwa moja kwenye waya kama panya.

Na Ijumaa iliyopita ni nani alikaa kona ileile, bendi ileile, sauti ileile, anatafuna mbuzi wa bure mpaka mfupa ukaomba msamaha?

Kuhusu makelele sibishani, labda yalikuwepo kidogo. Lakini kuniambia mama ananisubiri? Mama YUPI?

Nawasilisha.

Kabwela Mstaafu

Nimekaa siti ya mbele. Weka picha ya shati.

Mtoto wa Bandarini

Mkuu pole, ila hiyo baa naijua. Saa ya ukutani pale inasoma saa 4:38 tangu niko sekondari. Sasa hivi nina watoto wawili.

Mzee wa Kitenge

Niliangalia na simu pia.

Mtoto wa Bandarini

Simu ilisemaje?

Mzee wa Kitenge

Ilikuwa imekata chaji. Lakini hoja si saa, hoja ni kauli. Mtu mzima unamtangazia mwenzio mama kwenye maiki!

Binti Saidi

Shangazi wa watu katoka Tanga, ukaona umpeleke baa. Coco Beach hukuiona? Feri hukuiona?

Jirani Asiyelala

Naomba nimshukuru huyo bwana wa vibali, popote alipo Mungu amzidishie. Nyinyi mnaita chemko, mimi kitanda changu kinahama. Nalala kichwa kaskazini, naamka kichwa mlangoni. Mwaka 2022 NEMC, wale wa Baraza la Mazingira, walipozifungia baa na kumbi kwa makelele, nililala siku tatu mfululizo, mke wangu akaita majirani akidhani nimefariki. Halafu kulikuwa na kanuni za kelele tangu 2015, zilikuwa zimewekwa wapi muda wote huo?

Chuma cha Reli

Jirani, wewe una baa inayofunga. Njoo kwangu. Nyuma ya choo changu kuna nabii mwenye spika kumi na mbili. Mkesha Ijumaa, mkesha Jumanne, na siku nyingine anajaribu vyombo. Mapepo ya mtaa mzima yameshahama, sasa anakemea ya mkoa jirani. Nikienda kulalamika naambiwa nina roho ya upinzani. Kwake kibali ni cha mbinguni, hakina 31 Machi.

Jirani Asiyelala

Hapo umenigusa. Na mimi ninaye. Yaani nina baa kulia, nabii kushoto.

Kabwela Mstaafu

Wewe kodi unalipia bei gani huko? Unapata burudani na wokovu humo humo.

Wakili wa Kijiweni

Tuweke sheria sawa. Sheria ya Vileo ni Sura ya 77, ya mwaka 1968. Leseni, muda wa kuuza, vyote vimo. Nimeisoma mwanzo mpaka mwisho, haina kifungu cha mama. Mleta mada una kesi. Ila ukiifungua, utamleta mke wako awe shahidi?

Mzee wa Kitenge

Kwanza kabadili kitasa.

Mwenye Kaunta

Mimi nina baa (siyo hiyo, msinitafute). Mleta mada wewe umetukanwa siku moja unaandika gazeti. Jumatatu anakuja wa afya, anataka kuona choo. Jumatano wa utamaduni, anataka kujua bendi imesajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa. Ijumaa wa mazingira na kipima sauti, anakiweka JUU ya spika halafu anashangaa. Jumamosi anakuja mtu kavaa fulana haina maandishi, anataka bia mbili za baridi na hasemi katoka wapi. Huyo ndiye namwogopa kuliko wote.

Na Kariakoo mwaka 2025 walizindua biashara saa 24. Chupi utauziwa saa 9 usiku, bia mwisho saa 5.

Mtoto wa Bandarini

Hiyo ya kipima sauti juu ya spika 😂😂😂

Dogo wa Gongo la Mboto

Mimi uchungu wangu ni viroba, pombe kali za pakiti. Tarehe 1 Machi 2017 walivipiga marufuku, wakaniua kiuchumi na kisaikolojia. Hakuna aliyenifungulia uzi.

Binti Saidi

Kafungue wa kwako.

Mzee wa DDC

Wajukuu, mmekulia kwenye waya kuchomolewa, hamjui raha. Zamani Jiji lenyewe lilikuwa na kumbi za bia NA bendi. DDC ni kifupi cha nini? Shirika la Maendeleo Dar es Salaam! DDC Kariakoo mnapita kila siku hamjiulizi. DDC Mlimani Park Orchestra, Sikinde ngoma ya ukae, ilikuwa bendi ya shirika la Jiji. Mtoa leseni na mwenye maiki chungu kimoja. Nani angethubutu kugusa waya? Ilianza 1978 na hakuna bendi iliyowahi kuifikia.

Msondo Damu

Mzee shikamoo, lakini hapo umeteleza. NUTA Jazz ilianza 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma, baba ya muziki. Miaka kumi na nne Sikinde hawajazaliwa, sisi watu wanacheza.

Mzee wa DDC

Marahaba. Mwimbaji Muhidin Gurumo alitoka kwenu JUWATA kuja kuianzisha Mlimani Park. Kwa nini alitoka kama kulikuwa kutamu?

Msondo Damu

Na alirudi kumalizia wapi? Msondo! Mtu hurudi kwao.

Kabwela Mstaafu

Alirudi nyumbani, mama alikuwa anamsubiri.

Chuma cha Reli

😂😂😂 Kabwela uzi umeufunga

Mzee wa Kitenge

Wakuu tunatoka kwenye mada. Shemeji mdogo kaja hapa kwenye ngazi, kakaa pembeni yangu, hasemi kitu. Nimwambieje? Yule bwana hanijui, mama kamtoa wapi? Au aliona kitu Ijumaa iliyopita kikafanana na mimi?

Binti Saidi

Ngoja kwanza. Ijumaa iliyopita ulijuaje alikaa kona ileile?

Wakili wa Kijiweni

Sasa hapo mteja wangu usijibu.

Mzee wa Kitenge

Niliambiwa na watu.

Mtoto wa Bandarini

Watu wa saa 4:38.

Dogo wa Gongo la Mboto

Sasa hivi chupa ndogo kabisa ya konyagi hapo kwenu wanauzaje? Huku wamepandisha.

Mwenye Kaunta

Inategemea. Njoo kabla ya saa 5.

Mzee wa DDC

Huyu wa Msondo kakimbia. Nauliza: tarumbeta kama zile za Sikinde, kwenye bendi yenu zilipulizwa na nani?

Msondo Damu

Sijakimbia mzee, nilikuwa nachaji simu. Tuanze na tarumbeta au tuanze na solo?

Mzee wa DDC

Anza na solo.